Shangazi, nisaini barua ya kufuta pombe?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Zamani alikuwa mtu wa viroba, ile pombe kali ya vipakiti. Vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilimshukuru Mungu, lakini haukupita muda akahamia kwenye gongo, kwa mama mmoja nyuma ya migomba. Sasa wanawake wa kitongoji wameandika barua kwa mwenyekiti, wanataka pombe yote ipigwe marufuku hapa kwetu. Nisaini?
Mama Wawili, Kilimanjaro

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbona gongo ni marufuku tangu enzi za mkoloni? Mnaomba mlichokwisha kupewa.

Marufuku hiyo naijua kwa harufu. Mama yangu alipika gongo, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye pipa la molasi. Usiku mvuke ulipita kwenye bomba la shaba lililozamishwa kwenye maji baridi, ukadondoka tone tone chupani. Alimimina kidogo kwenye kifuniko, akawasha kiberiti. Ikiwaka bluu, imeiva. Siku mgambo walipokuja walimwaga pipa zima, ila chupa tatu wakazibeba kama kidhibiti. Kidhibiti hicho hakikufika kituoni. Faini mama aliilipa kwa kupika mara mbili zaidi.

Na mteja akipigwa au kuibiwa pale kwetu, alinyamaza. Angeshtaki vipi bila kusema alikuwa wapi?

Wenzetu Kenya waliipiga marufuku chang'aa, gongo yao, mwaka 1980. Watu hawakuacha. Novemba 2000, Nairobi, zaidi ya 100 walikufa kwa pombe haramu yenye methanoli, alkoholi ya sumu, wengine wakapofuka. Methanoli nayo huwaka bluu, kwa hiyo kiberiti cha mama yangu kisingemwokoa mtu. Mwaka 2010 sheria yao mpya ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni.

Viroba ni habari nyingine, na katazo lile silibezi hata kidogo. Kilichoondolewa ni kile kipakiti cha bei ndogo kinachoingia kwenye mfuko wa shati la shule. Mtoto ndiye aliyekikosa. Mumeo alikuwa na miguu ya kwenda migombani.

Halafu hiyo "pombe yote" mmeifikiria? Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, nayo imo. Mkwe atakuja kuposa binti yako na kreti ya soda, wazee wamtazame tu?

Usisaini ilivyo. Waambie wenzako wafute "pombe yote", waandike yanayowauma: mtoto asitumwe wala asiuziwe, vilabu visifunguliwe asubuhi, na pasiwe na daftari la mkopo. Hilo la daftari mlikazanie. Mumeo anakunywa leo, wewe unalipa ukiuza maziwa. Mama wa migombani mwendeeni wenyewe, wanawake watatu wanne, mchana, bila mgambo. Na yeye ana ada za kulipa, atawasikiliza.

Kabla ya kumpelekea mwenyekiti, ulizeni kwanza kama jina lake halimo kwenye daftari hilo.