Muulize Fundi: Kipima radoni kimesoma 11, kesho yake 5. Niamini ipi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Tulinunua nyumba hapa Des Moines, jimbo la Iowa, mwezi wa nane, nyumba yetu ya kwanza tangu tuje Marekani. Mwanangu wa miaka 16 amechukua chumba cha besimenti, kule chini ya ardhi. Mwenzangu kazini aliniambia nipime radoni, ile gesi ya mionzi inayotoka ardhini, nikanunua kipima cha kidijitali. Nilikiweka sakafuni, karibu na shimo la pampu inayotoa maji ya chini ya sakafu. Siku ya pili kilisoma 11.2, ya tatu 5.4. Nikafungua madirisha, kikashuka hadi 3.1. Mume wangu anasema hii ni biashara ya kuuziana woga: harufu hakuna, anayekohoa hakuna, na jirani alipima akapata 1.8. Niamini namba ipi? Na huyu mtoto nimwondoe kule chini?
Mama wa watoto watatu, Des Moines

JIBU: Marahaba, dada yangu. Naanza na mtoto. Apande juu alale huko, hata kama ni kwenye kochi la sebuleni, mpaka mpate jibu la uhakika. Usimtishe, maana radoni haimdhuru mtu kwa usiku mmoja. Madhara yake hujikusanya kwa miaka. Ila kama juu kuna nafasi, sioni kwa nini yeye ndiye asubiri majibu huku anaivuta hewa ile kwa muda wa saa nane kila usiku.

Sasa kifaa. Namba zako zote tatu kifaa kimezisoma kweli, na hakuna hata moja inayotosha kuamulia. Ndani yake kuna kijichumba ambamo hewa huingia taratibu yenyewe, na kijicho kinachohesabu chembe za mionzi ziitwazo alfa, zinazoruka atomi za radoni zinapovunjika. Ile namba 4 ambayo EPA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia mazingira, imeiweka kuwa ndipo nyumba irekebishwe, ni pikokyuri (kipimo cha mionzi) 4 katika kila lita ya hewa. Ukiigeuza hesabu hiyo, ni kama atomi 9 kuvunjika kwa dakika katika lita nzima. Kijichumba cha kifaa chako hakifikii lita, kwa hiyo kinachoambulia ni kidogo sana. Ni kama mvua inapoanza kudondoka juu ya bati. Ukihesabu matone ya dakika moja utasema haipo, dakika ya pili utasema imeshika. Kaa nusu saa ndipo utaijua.

Kwa hiyo usisome namba ya siku moja. Kipima changu kina wastani wa muda mrefu juu, na chini yake wa siku moja na wa siku saba kwa kupokezana. Cha kwako kitakuwa na mpangilio unaofanana na huo. Mimi ile ya siku moja siitazami kabisa. Ya siku saba inanipa fununu. Ya muda mrefu, ikishavuka mwezi, ndiyo ninayoishughulikia, na ikifika miezi mitatu ya baridi huwa sina tena la kubisha.

Pia kiondoe pale shimoni. Pale unapima pumzi ya udongo, wala si hewa anayovuta kijana. Kiweke kwenye meza ndogo au kabati chumbani mwake, usawa wa kichwa chake akiwa amelala. Kiwe juu ya sakafu kwa nusu mita au zaidi, kiwe mbali na dirisha na mlango kama mita moja, kisiegemee ukuta wa nje, kisipigwe na jua wala upepo wa hita. Jikoni na bafuni usikiweke. Ukishakihamisha, kianzishe upya ili kisichanganye hesabu ya shimoni na ya chumbani. Kwenye changu unabonyeza kitufe kilicho ndani ya kitundu kwa ncha ya pini. Baada ya hapo usikiguse. Watu wengi hukibeba huku na huku kama kipimajoto cha homa, leo besimenti, kesho sebuleni, halafu wanalalamika kwamba hakieleweki.

Kuhusu madirisha nitakwambia jambo lililonipata mwenyewe, maana linaniuma hadi leo. Binti yangu mkubwa alilala besimenti miaka miwili kabla sijawahi kupima. Niliponunua kifaa, mwaka 2018 mwezi wa kumi, kikasoma 7, nikafungua madirisha kila siku nikitoka kazini. Kikashuka hadi 2. Nikajiridhisha, nikakiweka kwenye droo. Januari, barafu ikiwa imeganda upande wa ndani wa vioo, nilikitoa nikakiwasha tena. Baada ya wiki tatu kilikuwa 8.6. Nilikuwa nimepima hewa ya nje ya mwezi wa kumi, na mwanangu alikuwa akilala kwenye hewa ya Januari.

Nyumba za huku wakati wa baridi huvuta kama dohani. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu darini, na ili nafasi yake ijazwe, nyumba hunyonya hewa kutoka chini: kwenye nyufa za zege, pale sakafu inapokutana na ukuta, kwenye shimo la pampu. Hewa hiyo ya udongoni ndiyo inayobeba radoni. Ukifungua dirisha la ghorofani peke yake unaweza hata kuongeza mvuto huo, na namba ikapanda. Ukifunga yote, baada ya nusu siku radoni imesharudi ilipokuwa. Basi pima jinsi mnavyoishi Januari, madirisha yakiwa yamefungwa. Usikisaidie kifaa kutoa namba unayoitaka.

Mume wako anastahili jibu la heshima, kwa sababu anachosema kina mantiki kwa mtu aliyekulia nyumba ya madirisha wazi. Harufu kweli haina, rangi haina, ladha haina. Urani iliyomo ardhini huoza polepole mpaka inakuwa radiamu, radiamu inatoa gesi ya radoni, na radoni nusu yake hugeuka ndani ya siku 3.8 kuwa poloniamu, kisha madini ya risasi na bismathi. Hizo si gesi tena. Ni chembe ngumu zinazonata kwenye vumbi na kwenye mapafu, na zile za poloniamu zinapiga chembe za alfa zikiwa hapohapo zimeng'ang'ania. Kikohozi hakitakuonya. EPA inakadiria kwamba Wamarekani wapatao 21,000 hufa kila mwaka kwa saratani ya mapafu inayotokana na radoni. Kwa wasiovuta sigara, radoni ndiyo chanzo kikuu cha saratani hiyo. Na kama kuna mvutaji nyumbani, mweleze hili: kwa makadirio yao, watu 1,000 wasiowahi kuvuta wakiishi maisha yao yote kwenye kiwango cha 4, wapatao 7 watapata saratani ya mapafu. Kwa wavutaji 1,000, wapatao 62.

Mueleze pia habari ya Stanley Watras. Alikuwa mhandisi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, Pennsylvania. Desemba 1984 kengele za mionzi zilikuwa zikimlilia anapoingia kazini, na kituo chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Mionzi alikuwa anatoka nayo nyumbani. Walipopima nyumba yake walikuta pikokyuri kama 2,700 kwa lita, naye alikuwa akiishi humo na mke na watoto bila kuhisi chochote. Ndipo Marekani ilipozinduka kuhusu radoni majumbani.

Namba ya jirani ni ya jirani. Ufa mmoja wa zege, shimo moja lisilo na kifuniko, udongo uliolegea upande mmoja, nyumba mbili zilizopakana zinatofautiana kabisa. Tena mko Iowa, ambako wilaya zote 99 zimepangwa na EPA katika kundi la juu la hatari. Mabarafu ya kale yaliyosaga miamba na kuitandaza huku ndiyo yaliyotuachia udongo mzuri wa mahindi, na radiamu imo humohumo.

Wastani wa mwezi ukibaki juu ya 4, kabla ya kutoa pesa nunua kile kipimo cha mkaa cha siku chache, kinachotumwa maabara kwa posta. Funga nyumba kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, kiweke kando ya kipima chako, uwe na mashahidi wawili. Vikikubaliana, ita fundi mwenye leseni ya radoni. Hata kati ya 2 na 4 EPA inasema fikiria kurekebisha, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2009 bekereli (kipimo kingine cha mionzi) 100 kwa mita ya ujazo, ambazo ni kama 2.7 kwa vipimo vya huku. Mimi kwa chumba cha mtoto ningefuata hiyo ya chini.

Kazi yenyewe huchukua siku moja. Wanatoboa zege la besimenti, wanashusha bomba la plastiki hadi kwenye kokoto zilizo chini ya sakafu, wanalipandisha hadi juu ya paa, na feni inayovuta mchana na usiku inawekwa darini au nje. Shimo la pampu linafunikwa kifuniko kisichopitisha hewa. Akija mtu akakwambia atapaka silikoni kwenye nyufa tu na yatakwisha, mshukuru na umwache aende. Mimi nililipa dola 1,450 mwaka 2019, na wastani wangu ukatoka 8.6 hadi 0.9. Kwenye bomba kuna kimrija cha kioo chenye umbo la U na maji ya rangi nyekundu. Maji yakiwa yamepanda upande mmoja, feni inavuta. Yakilingana pande zote, feni imekufa. Kila nikishuka kufua nguo nakitupia jicho. Swichi yake nimeizungushia utepe, mtu asiizime akidhani anaokoa umeme.

Jambo la mwisho kwako: kipima hiki hakichukui nafasi ya kengele ya kaboni monoksidi, gesi ya sumu itokayo kwenye hita au jiko. Kengele hiyo hupiga kelele kwa sababu gesi hiyo inaweza kuwaua usiku huuhuu. Muwe nazo zote mbili.

SWALI: Sisi ni wapangaji, Cedar Rapids, ghorofa ya tatu. Tuhangaike?
Baba wa familia, Cedar Rapids

JIBU: Kwa kawaida ghorofa ya tatu iko mbali na udongo, na radoni huwa ndogo. Lakini mkihamia nyumba ya chini au yenye besimenti, pimeni. Kuweka kifaa mezani hakuhitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Namba ikiwa kubwa, mwandikieni barua, muambatanishe picha ya wastani wa muda mrefu yenye tarehe, mbaki na nakala. Maneno ya mdomoni kwenye mambo haya hupotea.

SWALI: Fundi, naenda Singida Desemba kumwona mama. Nimpelekee kifaa hiki? Kule ni miamba mitupu.
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Radoni hutoka kwenye ardhi ya kila mahali, na miamba ya matale kama ya Singida inayo urani. Lakini nyumba ya mama, kama ni ya kawaida ya kule, haina besimenti, haifungwi miezi mitano kwa ajili ya theluji, na madirisha yanafunguliwa alfajiri. Gesi haipati pa kujikusanya. Ukiwa tayari unacho, kibebe, hakina uzito, kiache chumbani kwake wiki zote utakazokuwa huko. Ila usinunue kingine kwa ajili hiyo. Niambie kwanza mama anapikia wapi. Kama ni jiko la mkaa ndani ya chumba kisicho na dohani, pesa hiyo mnunulie mtungi wa gesi na jiko lake, na wewe mwenyewe umfungie kabla hujarudi.