Maswali na Majibu: Ndani ya mtambo wa kugonganisha protoni

Maswali ya safari hii, kutoka Mtwara na Lindi, yote yanahusu LHC, mtambo wa kugonganisha protoni wa CERN (kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya chembe), uliochimbiwa chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na Geneva. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Hizo protoni wanazitoa wapi, na zinasukumwa na nini? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mtwara mjini)

Zinaanzia kwenye mtungi wa gesi ya haidrojeni. Kila atomu huongezewa elektroni moja ili iwe na chaji hasi, hukimbizwa kwenye mtambo mnyoofu hadi elektrovolti (kipimo cha nishati ya chembe) milioni 160, kisha hupenyezwa kwenye utando mwembamba wa kaboni unaoivua elektroni zote mbili. Inabaki protoni tupu. Kutoka hapo ni ngazi kwa ngazi: pete ya kwanza huifikisha elektrovolti bilioni 2, ya pili bilioni 26, ya tatu bilioni 450, ndipo iingie pete kubwa.

Kinachosukuma ni uga wa umeme. Wengi huteleza hapa: sumaku hupinda njia tu, haiongezi nishati. Katika pete kubwa kuna miale miwili, yaani misururu ya protoni inayozunguka kuelekeana, na kila mwale una vyumba nane vya mawimbi ya redio ya megahezi 400, na protoni hupangwa ipite pale volteji inapoelekea mbele. Kwa mzunguko mmoja inaambulia elektrovolti nusu milioni hivi, lakini inazunguka mara 11,245 kwa sekunde, hivyo baada ya dakika 20 imefika trilioni 6.8. Mwendo hauongezeki sana. Ilipoingia ilikuwa tayari imekaribia kasi ya mwanga.

Kwa nini pete iwe ya kilomita 27? Haiwezi kubanwa? (Mwalimu wa fizikia, Newala)

Mwalimu, wape wanafunzi hesabu hii. Nishati ya protoni katika elektrovolti bilioni ni 0.3 mara uga wa sumaku katika tesla, mara nusukipenyo cha mpindo katika mita. Sumaku kuu za LHC zilisanifiwa kwa tesla 8.33, na nusukipenyo ni mita 2,804. Zidisha utapata 7,000 na kidogo, yaani elektrovolti trilioni 7. (Pete yenyewe ni pana zaidi ya hapo kwa sababu ina sehemu zilizonyooka.) Ukitaka pete nusu, lete uga mara mbili. Sumaku za kawaida zenye kiini cha chuma huishia kwenye tesla 2 hivi, kwa hiyo hizi za LHC, 1,232, kila moja mita 15 na tani 35 hivi, zina nyaya za niobi na titani zilizopozwa kwa heliamu hadi nyuzi 271 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo waya hupitisha ampea zaidi ya 11,000 bila ukinzani.

Umeme ukikatika inakuwaje? (Fundi umeme, Mikindani)

Si lazima ukatike. Ukiyumba kwa kitambo kidogo tu, mwale hutupwa. Mwaka 2016 mnyama wa jamii ya kicheche alipiga shoti kwenye transfoma ya kilovolti 66 na mtambo ukasimama.

Ila kinachoogopwa zaidi ni waya kupata joto. Kipande kidogo kikipoteza ubaridi, ukinzani unarudi na ampea zile zote zinakiunguza. Vipimo hunasa volteji ndogo inayojitokeza, vipashio huipasha sumaku nzima kwa makusudi ili joto lisikusanyike mahali pamoja, na diodi huupitisha umeme pembeni. Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa tangu mwale wa kwanza uzunguke, hitilafu ilitokea pasipo na ulinzi wa kutosha: kwenye kiungio cha nyaya kati ya sumaku mbili. Kiliyeyuka, cheche ikatoboa chombo cha heliamu, tani kama 6 zikafumuka. Sumaku 53 ziliharibika, na mwale haukuzunguka tena hadi Novemba 2009. Fundi yeyote anajua: kiungio kibovu ndicho kinachochoma nyumba.

Kwetu kuna kinywe. Huko kinatumika? (Msomaji, Ruangwa)

Kinatumika, na mahali pagumu kuliko pote: pa kutupia mwale. Kwa usanifu wa awali, mwale mmoja hubeba megajuli 360 hivi. Ni nishati ya kilo nane za gesi ya kupikia, si kitu cha kutisha, ila inatolewa yote ndani ya sehemu 89 za milioni za sekunde. Hupokewa na nguzo ya kinywe ya mita 8 hivi, yenye kipenyo cha sentimita 70, ndani ya gamba la chuma. Kinywe ni kaboni, nayo ni nyepesi, hivyo nishati husambaa kwenye urefu mkubwa, na inastahimili joto kali. Hata hivyo, sumaku maalumu huuzungusha mwale uchore mkunjo kwenye uso wa nguzo. Ukipiga nukta moja, utatoboa.

Wanaonaje kitu kidogo hivyo? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Hawakioni, wanasoma nyayo. Kigunduzi cha ATLAS kina urefu wa mita 46 na tani 7,000: ndani silikoni inayochora njia za chembe, kisha tabaka za kupima nishati, nje kabisa vinasa muoni (chembe kama elektroni, ila nzito zaidi). Makundi ya protoni hupishana kila nanosekunde 25, na migongano hufika bilioni kwa sekunde. Haiwezekani kuihifadhi yote. Saketi huamua kwa sehemu chache za milioni za sekunde, zikibakiza matukio kama 100,000 kwa sekunde. Kompyuta huyachuja hadi elfu chache. Kilichotupwa hakirudi, kwa hiyo kigezo kibaya cha kuchuja ni hasara isiyoonekana. Chembe ya Higgs, inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata tungamo, iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ilipatikana kwa mchujo huu.

Hauwezi kuzua shimo jeusi likatumeza? (Msomaji, Nachingwea)

Hapana. Miale ya angani yenye nishati sawa na hiyo, hata kubwa zaidi, imekuwa ikigonga hewa yetu kwa mabilioni ya miaka, na Dunia bado ipo.

Tanzania ipo mashine ya namna hii? (Muuguzi, Masasi)

Ndogo zipo. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ina mashine za mionzi zinazoongeza kasi ya elektroni kwa mawimbi ya redio, hadi elektrovolti milioni kadhaa. Elektroni hizo hugonga bamba la metali na kutoa eksirei kali zinazoelekezwa kwenye uvimbe.