Shangazi, Dar nipange wapi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nimehamishwa kutoka Mbeya kuja Muhimbili, naripoti tarehe 1 Julai. Nitakuwa na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua, na binti yangu wa darasa la tatu. Uwezo wangu wa kodi ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Wenzangu wamenichanganya: mmoja anasema Kigamboni kuna upepo, mwingine Kinyerezi kuna nyumba mpya, mwingine Kimara kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi. Baba mdogo yuko Mbagala, anasema nisihangaike, niende kwake. Nimepata ruhusa ya wiki moja mwezi huu wa nne nije kutafuta. Dar nimefika mara mbili tu, zote msibani. Nianzie wapi?*
*Muuguzi, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nimefurahi kwamba unakuja mwezi wa nne, mvua ikiwa inanyesha. Wengi wanakuja kutafuta nyumba mwezi wa nane au wa tisa, jiji limekauka, kila mtaa umependeza kama bi harusi.

Mimi ndivyo nilivyoponzeka. Nilitoka Singida, ambako mvua ni kitu cha kuombewa. Mwezi wa tisa mwaka 1997 nikapanga chumba Magomeni Suna. Kodi nafuu, na Kariakoo nilikokuwa nashona nilikuwa nakwenda kwa miguu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwazi mpana, watoto wanacheza mpira jioni. Hakuna aliyeniambia kwamba ule uwazi ni wa Mto Msimbazi, na mto ukitaka chake unakuja kuchukua. Zikaja mvua za El Nino. Usiku mmoja nimeamka, nimeshusha mguu kutafuta ndala, ndala zinaelea. Cherehani yangu ilikaa kwenye tope siku mbili. Mwenye nyumba alikuja, akautazama ukuta, akasema, "Hii mvua ya Mungu, dada," halafu akaulizia kodi ya Januari.

Kilichoniuma ni kwamba dalili zote nilikuwa naziona. Majirani walikuwa wamepandisha vitanda juu ya matofali. Milangoni walikuwa wamejenga vizingiti kimo cha goti, na mimi nilikuwa navivuka kila siku nikienda kuomba chumvi, nikidhani ndivyo watu wa Pwani wanavyojenga.

Kwa hiyo ukipelekwa kwenye nyumba, ukuta wa mwenye nyumba usikushughulishe sana, maana ameshaupaka rangi. Chungulia wa jirani. Ukiona mstari wa tope, au kizingiti cha goti, shukuru na uondoke. Desemba 2011 maji yalisomba nyumba katika bonde hilohilo na watu wakahamishiwa Mabwepande. Hata leo mto ukijaa, Barabara ya Morogoro pale Jangwani inafungwa na mwendokasi unasimama. Hilo la Jangwani likumbuke, nitalirudia.

Sasa hao wenzako. Kigamboni upepo upo, sibishi. Lakini piga hesabu ya kutoka zamu saa mbili usiku: ufike Magogoni, ungoje pantoni, uvuke, utafute bajaji ng'ambo. Daraja lipo tangu 2016, ila linakutoa Kurasini, na wewe unafanya kazi Upanga. Kinyerezi ni kuzuri, ila wanaoisifu wengi wana gari, na hata hao waulize kuhusu foleni ya Tabata kuja Buguruni asubuhi.

Kimara ndiko ninakokaa mimi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 tulifurahi kama tumetolewa jela. Unapanda Kimara Mwisho, unashuka kituo cha Fire, unapandisha kwa miguu na Barabara ya Umoja wa Mataifa mpaka Muhimbili. Shida ni kwamba Kimara ni vilima na makorongo. Dalali akikuambia "dakika tano kutoka barabarani", anahesabu dakika tano za bodaboda. Nyumba yangu ni ya dakika tano hizo. Mvua ikinyesha bodaboda wanagoma kushuka, na mimi navua viatu. Mama yako na magoti yake atashuka kule siku ya kuhamia, na hatapanda tena mpaka siku ya kuhama.

Mimi ningekuwa wewe ningeanzia Ilala, upande wa Boma na Amana. Usiteremke bondeni kuelekea Mchikichini. Kwa nini Ilala? Kwa sababu iko upande huuhuu wa Msimbazi ilipo hospitali yako. Jangwani pakifungwa, wa Kimara na Magomeni wanakwama, wewe unapita Kariakoo unafika kazini. Mama akizidiwa, Hospitali ya Amana ipo hapohapo. Kwa 250,000 usitegemee nyumba nzima yenye geti na bustani. Tafuta chumba na sebule, na sharti lako liwe choo cha ndani, cha kukaa. Nyumba nyingi za zamani kule zina korido ndefu na choo uani. Mtu mwenye magoti mabovu kwenda uani saa nane usiku, sakafu imelowa, hapana.

Ilala ina kelele, sikufichi. Na wewe wiki za zamu ya usiku utakuwa unalala mchana, jambo ambalo wenzako wote hawakulitaja. Kabla hujalipa, nenda ukae ndani ya hicho chumba saa nne asubuhi, siku ya kazi, robo saa bila kuongea. Kama chini ya dirisha kuna fundi wa kuchomelea mageti, utamsikia mwenyewe.

Halafu rudi saa mbili na nusu usiku. Shuka kituoni peke yako, tembea mpaka mlangoni. Taa zipo? Kuna nani barabarani? Mimi nikiona mama anakaanga chipsi na wateja wamekaa kwenye benchi, roho inatulia, maana mtaa huo una macho. Uchochoro mtulivu wenye kuta ndefu pande zote mbili ndio unaonitisha. Ndiyo, hata Masaki kwa matajiri.

Maji usimuulize mwenye nyumba. Muulize mtoto uliyemkuta na ndoo, bomba linatoka siku gani na saa ngapi. Atakujibu kama anataja ratiba ya mechi. Umeme ulizia kama una mita ya LUKU yako au mnachangia. Mkichangia, tazama jirani ana nini: mwenye friji mbili za kuuzia barafu na wewe mwenye taa tatu mtagombana kabla ya Idi. Shule ya mtoto iwe upande uleule wa barabara kubwa unaokaa, kwa sababu bibi yake ndiye atakayempeleka.

Kodi wengi watakutaka miezi sita mkupuo, yaani shilingi 1,500,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja juu. Omba mitatu. Muuguzi wa serikali mwenye mshahara wa kila mwezi ni mpangaji anayegombewa, usiwe mnyonge. Andikishaneni mkataba, na upite ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe. Pale pale utajua kama aliyekupangisha ndiye mwenye nyumba kweli.

Baba mdogo usimkatalie. Hiyo wiki yako fikia kwake Mbagala, kula naye, na kila asubuhi toka saa kumi na moja na nusu kama unakwenda kazini Muhimbili. Siku ya tatu utakuwa na jibu la kumpa, na yeye mwenyewe hatakulaumu.

*Shangazi, natafuta chumba Sinza. Dalali ananidai shilingi 10,000 kila akinipeleka kuona nyumba. Nimeshaona sita na zote "zimechukuliwa jana". Ni halali?*
*Kijana, Dar es Salaam*

Mwanangu, umemlipa 60,000 kwa kukutembeza. Huyo ameshaona kwamba kukuonyesha nyumba kunamlipa kuliko kukupangishia. Hela ya usumbufu wanaitoza wengi, lakini mpe mara moja, mkubaliane kwamba itakatwa kwenye udalali wake ukipata chumba. Akikataa, achana naye. Kisha Jumamosi asubuhi vaa raba, ingia Sinza mwenyewe, uliza kwenye maduka ya Mangi na kwa kinyozi. Kinyozi anajua nani anahama kabla mwenye nyumba hajajua.