Maswali ya wasomaji: Dawa na matumizi unapompeleka mgonjwa India

Shikamooni. Mwezi ujao nampeleka mama Chennai kubadilishwa goti. Hospitali imeshatutumia makadirio ya gharama, na ndugu wamechanga fedha taslimu. Je, dawa zimo humo? Na nje ya hospitali tujipange vipi? Msomaji, Tanga

Marahaba. Dawa za wodini kwa kawaida zimo. Za kutumia baada ya kuruhusiwa mara nyingi hazimo. Mwandikie mratibu wa wagonjwa wa kigeni, akujibu kwa maandishi: bei hiyo ni ya siku ngapi, ya chumba gani, na goti bandia lenyewe limo? Tangu 2017 serikali ya India imeweka ukomo wa bei za magoti bandia, kwa hiyo dai jina la kifaa na bei yake kwenye bili. Chumba ndicho kinachowaponza wengi. Katika hospitali nyingi binafsi huko, ukihama chumba cha wawili ukaenda cha peke yako, huongezi pesa ya kitanda tu. Ada ya daktari na vipimo navyo hupanda.

Kuhusu taslimu, sheria ya kodi ya India inakataza kupokea rupia 200,000 au zaidi kwa noti kutoka kwa mtu mmoja kwa shughuli moja. Kiasi hicho ni zaidi kidogo ya dola 2,000, na kulipa vipande vipande kwa siku tofauti hakusaidii, maana matibabu ni yale yale. Tumeni sehemu kubwa benki kwa benki kabla ya safari, mkiandika namba ya mgonjwa kwenye maelezo ya malipo. Mkibeba noti zinazozidi dola 5,000, zitangazeni forodhani mkifika na mtunze fomu. Rupia msizitafute nyingi nyumbani, mgeni haruhusiwi kuingia na zaidi ya 25,000.

Sasa dawa. Kila pakiti India ina bei iliyochapwa, yenye herufi MRP. Hiyo ndiyo bei ya juu kabisa na kodi imo ndani yake. Muuzaji haruhusiwi kuivuka, ila anaweza kushuka, na maduka mengi ya mtaani hushuka ukiomba. Mwombe daktari aandike jina halisi la dawa badala ya jina la kampuni, kisha uende na cheti chake kwenye maduka ya serikali yaitwayo Janaushadhi. Dawa kama amlodipine ya shinikizo la damu au metformin ya kisukari huuzwa humo kwa sehemu ndogo tu ya bei ya zile zenye majina makubwa. Hayana kila kitu.

Ukinunua vidonge vichache, muuzaji hukata karatasi ya vidonge kwa mkasi; chukua kipande chenye tarehe ya mwisho wa matumizi. Angalia pia uzito wa kidonge. Paracetamol inayouzwa sana huko ni ya miligramu 650, si 500 tuliyozoea. Mama akimeza viwili mara nne kwa siku atafika miligramu 5,200, wakati mtu mzima hatakiwi kuvuka 4,000.

Siku ya kuruhusiwa, omba dawa ambazo hazikufunguliwa zirudishwe na bili ipunguzwe. Hospitali nyingi hukubali, isipokuwa zilizokaa kwenye friji. Kisha tengeni bajeti ya wiki tatu hivi, kwa sababu nyuzi za kidonda hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 na bado kuna mazoezi ya viungo. Tafuteni gesti yenye jiko karibu na hospitali, mpatane bei ya wiki. Wataomba nakala za pasipoti na viza, kwani sheria inawataka wamwandikishe kila mgeni.

Mume wangu anatumia insulini ya kichupa. Ikiisha tukiwa Delhi, tununue tu duka lolote? Msomaji, Mombasa

Dukani mtapata, lakini soma namba kwanza. Vichupa vingi vya India vina uniti 40 kwa mililita. Vya kwetu vina 100. Kila aina ina bomba lake la sindano. Ukivuta insulini ya 40 kwa bomba la 100, mgonjwa anapata asilimia 40 tu ya dozi na sukari inapanda. Ukivuta ya 100 kwa bomba la 40, anapata mara mbili na nusu, na hapo anaweza kuzimia. Nunueni kichupa na mabomba pamoja, au mbebe ya kutosha safari nzima. Ndegeni ikae kwenye mkoba wa mkononi: sehemu ya mizigo inaweza kuigandisha, na ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka.

Tukirudi tutalala Dubai siku mbili. Dawa za maumivu za hospitali zitatuletea shida? Msomaji, Dodoma

Zinaweza. Tramadol, codeine na pregabalin zinadhibitiwa vikali huko, na tramadol ni dawa ya kawaida baada ya upasuaji. Ukipita uhamiaji nazo unahitaji kibali cha mamlaka za afya za nchi hiyo, kinachoombwa kwa mtandao kabla ya kuingia, pamoja na cheti cha daktari na ripoti ya matibabu. Mweleze daktari mapema kwamba mtashuka Dubai. Huenda akampa mgonjwa dawa isiyohitaji kibali.