Glasi ya tabaka nne, na kipimo ambacho wengi tunakiruka

Juzi mama mmoja aliyejaribu ile glasi ya kumimina asali, sabuni, maji na mafuta yakae tabaka tabaka kanitumia ujumbe: "Dada, ile glasi yako imenikataa. Sabuni yote imeingia kwenye maji, mtoto kanicheka." Pole mama. Sabuni ya kuoshea vyombo huyeyuka kwenye maji, na densiti yake, yaani uzito wake kwa ujazo uleule, inazidi ya maji kidogo tu, kwa hiyo inataka mkono wa taratibu. Anza na asali, katikati ya glasi bila kugusa kingo. Fuata sabuni. Maji yenye tone la rangi ya keki yamimine juu ya mgongo wa kijiko, yateleze polepole. Mafuta ya alizeti mwisho. Hayo hata ukikoroga, yatarudi juu yenyewe.

Ila wazazi wenzangu, wengi tunaishia hapo. Tunapiga picha, tunairusha WhatsApp, basi.

Mwanangu wa pili alikuwa akijibu kila mara kwamba mafuta yanaelea kwa sababu ni mepesi, na alipata vema. Siku moja kaka yake akamchokoza: "Dumu la mafuta la lita ishirini na kikombe cha maji, kipi kizito?" Mtoto akanyamaza. Nikatoa mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga wa keki, na kikombe kimoja cha mililita 250. Ukiondoa uzito wa kikombe, maji yalikuja gramu 250. Mafuta kama 230. Asali ikapita 350, akadhani mizani imeharibika, akapima tena. Halafu akasema mwenyewe, "Kumbe mpaka kipimo kiwe kimoja!" Ndiyo maana lita ya mafuta haifiki kilo, na ndiyo maana wanunuzi wa maziwa hutumbukiza laktomita, kifaa kinachoelea cha kupimia densiti ya maziwa: maziwa yakiongezwa maji, densiti inashuka, na laktomita inazama zaidi.

Nilijisikia fahari, sitaficha. Maana huyu ndiye mtoto ambaye mwalimu mmoja aliniambia kwenye kikao cha wazazi, watu wakisikia, kwamba ni mzito wa kuelewa. Nilirudi nyumbani na daladala nikitazama nje njia nzima. Hadi leo nikikumbuka kikao kile roho inaniuma.

Sasa niwaambie. Tunalipa tuisheni, tunanunua vitabu vya majaribio ya mitihani, lakini mtoto hajawahi kushika mizani ya nyumbani kwake. Mwacheni apime! Amwage kidogo, afute. Mafuta ni ghali, najua, ila vijiko vitatu vinatosha kwa glasi nyembamba. Na kabla hujamimina chochote, mwulize anadhani kipi kitakaa chini. Akikosea usimrekebishe, mpe mizani.

Wakishaielewa glasi, wape yai bichi. Kwenye maji matupu yai jipya linazama. Koroga chumvi, vijiko vya chakula viwili hadi vitatu kwa robo lita, litapanda, kwa kuwa sasa maji yamelizidi densiti. Likielea kabla hata hujatia chumvi, hilo ni la zamani: maji yake yamepotea kupitia ganda na hewa imeingia. Bibi zetu walilijua jaribio hilo siku nyingi. Livunjie kwenye bakuli la pembeni kwanza, usije ukaharibu chapati za watu.