Maswali na majibu: Prosesa inapobebeshwa kazi ya kadi ya michoro

Barua kadhaa kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi zinalalamikia jambo moja: tarakilishi yenye Linux ambayo feni yake hunguruma mfululizo hata pasipo kazi kubwa, huku lawama zote zikielekezwa kwa draiva ya michoro, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi ya michoro. Nimezijibu zile ambazo vyanzo vyake vinatofautiana. Amri zilizotajwa ni za Ubuntu, Debian na Linux Mint.

Nina saiba. Nilinunua tarakilishi kadhaa za ex-UK, nikaziwekea Ubuntu. Moja hujikokota hata nikisogeza dirisha tu, na amri ya top inaonyesha gnome-shell (programu inayochora madirisha ya Ubuntu) ikitumia asilimia 280 ya prosesa. Inawezekanaje kupita 100, na je, draiva ni mbovu? (Nakuru)

Tuanze na hesabu. Amri ya top huhesabu kila kiini cha prosesa kuwa asilimia 100, kwa hivyo prosesa yenye viini vinne inaweza kufika 400; kwako karibu viini vitatu vimeshikwa na programu moja. Ukibonyeza 1 ndani ya top, utaona kila kiini na mzigo wake.

Kuhusu draiva, ninashuku kwamba haifanyi kazi vibaya, bali haifanyi kazi kabisa. Linux ikikosa njia ya kuifikia kadi ya michoro haisimami wala haikupi onyo la maana; Mesa, maktaba ya programu za uchoraji, huikabidhi prosesa uchoraji wote kupitia sehemu iitwayo llvmpipe, na kuanzia hapo kila kivuli na kila dirisha linalofifia hukokotolewa na prosesa ambayo haikuundiwa kazi hiyo. Sakinisha kifurushi cha mesa-utils, andika `glxinfo -B`, kisha usome mstari wa "OpenGL renderer string". Ukitaja Intel, AMD au jina la kadi yako, draiva ipo kazini. Ukitaja llvmpipe, umempata mhusika.

Katika mashine zilizopitia mikono ya mafundi kadhaa, sababu ninayoitafuta kwanza ni neno `nomodeset`. Fundi akikutana na skrini nyeusi wakati wa kusakinisha huchagua "safe graphics", ambayo huongeza neno hilo ili keneli (sehemu ya Linux inayosimamia vifaa) isiisimamie kadi ya michoro, na wakati mwingine neno lenyewe husahaulika humo. Andika `cat /proc/cmdline`. Ukiliona, fungua faili ya `/etc/default/grub` kwa sudo (mamlaka ya msimamizi), uliondoe, uhifadhi, uendeshe `sudo update-grub` na kuiwasha tarakilishi upya. Skrini ikirudi kuwa nyeusi usitaharuki: kwenye menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Linux, bonyeza e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na "linux", kisha ubonyeze F10, na neno hilo litahusu uwashaji huo mmoja tu.

Neno lisipokuwapo, tazama `ls /dev/dri`. Ikiwa renderD128 haimo, keneli haijaitwaa kadi, na `sudo dmesg | grep -i firmware` mara nyingi itakutajia faili ya firmware (programu ndogo ambayo kadi huihitaji ili ifanye kazi) iliyokosekana, hasa kwa kadi za AMD. Dawa yake huwa ni kusakinisha au kusasisha kifurushi cha linux-firmware (kwenye Debian, kwa kadi za AMD, ni firmware-amd-graphics).

Kipakatalishi changu chenye kadi ya NVIDIA kilikuwa sawa hadi niliposasisha mfumo. Sasa prosesa inapanda hata nikifungua folda tu. (Kisumu)

Draiva ya NVIDIA hujengwa upya kwa kila keneli mpya, kazi ambayo mara nyingi hufanywa na programu iitwayo DKMS, nayo huhitaji vichwa (faili za linux-headers) vya keneli hiyo hiyo. Vichwa vikikosekana, ujenzi hushindikana kimyakimya. Na kwa kuwa kifurushi cha NVIDIA huwa kimeizuia draiva huria ya nouveau, hakuna anayebaki kuishughulikia kadi isipokuwa prosesa. Andika `dkms status` uone kama keneli unayotumia imetajwa. Isipotajwa, endesha `sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`, kisha `sudo dkms autoinstall`.

Imetajwa lakini `lsmod | grep nvidia` haileti kitu? Kagua `mokutil --sb-state`, kwa sababu Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha tarakilishi) ikiwa imewashwa hukataa moduli, yaani kipande cha draiva kinachopakiwa ndani ya keneli, ambayo haikutiwa saini inayotambulika. Kadi za zamani za NVIDIA za kizazi cha Kepler nazo huishia kwenye draiva za mfululizo wa 470, hivyo usizilazimishie toleo jipya zaidi. Wala sikushauri kukimbilia nouveau kama kadi yako ni ya GTX 900 au GTX 1000, kwa sababu haiwezi kupandisha kasi ya kadi hizo na utabaki na uzito uleule. Kwa leo, kama una kazi ya haraka, chagua keneli ya zamani katika "Advanced options" kwenye menyu ya GRUB.

Mimi ni mwanafunzi. glxinfo inaonyesha Intel, hakuna llvmpipe, lakini video za YouTube hufikisha prosesa asilimia 90 na kipakatalishi huwaka moto. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha nne. (Kakamega)

Kuchora madirisha ni kazi moja, kufumbua video ni nyingine, na ndani ya kadi hufanywa na sehemu tofauti. YouTube hupendelea kutuma video katika umbizo la VP9 au AV1. Kadi za Intel za kizazi chako hufumbua H.264 lakini si VP9, ambayo ilikamilika katika kizazi cha saba. AV1 ilisubiri hadi cha kumi na moja. Kwa hivyo draiva yako haina kosa: haiwezi kutumia kifaa kisichokuwemo.

Sakinisha `i965-va-driver` (draiva ya kufumbua video) na `vainfo`, endesha `vainfo`, uhakikishe H264 imeorodheshwa, kisha uweke kiongezi cha h264ify katika Firefox ili YouTube itume H.264. Ili kuthibitisha, endesha `sudo intel_gpu_top` (imo katika kifurushi cha intel-gpu-tools) video ikicheza: mstari wa "Video" ukibaki sufuri, prosesa bado inabeba mzigo peke yake. Fahamu tu kwamba kwa ubora uleule H.264 kwa kawaida hula bando zaidi kuliko VP9. Anayehesabu megabaiti huenda akaona afadhali kushuka hadi 480p na kuliacha umbizo lilivyo.

Skrini yangu hukwama kidogo kila baada ya sekunde kumi hivi, na top huonyesha kworker (kazi ya ndani ya keneli) ikipanda kisha kushuka. (Bungoma)

Muda huo ndio unaoitoboa siri. Keneli hukagua kila sekunde 10 kama kuna skrini iliyochomekwa, na kwa baadhi ya mashine ukaguzi huo ni mzito. Ongeza `drm_kms_helper.poll=0` katika mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT wa faili ya `/etc/default/grub`, uendeshe `sudo update-grub` na kuiwasha tarakilishi upya. Baada ya hapo huenda projekta yenye waya wa VGA isijitokeze yenyewe. Andika `xrandr` ukishaichomeka.

Rafiki alinipa faili ya xorg.conf (mipangilio ya Xorg, programu inayoonyesha madirisha kwenye skrini) ya "kuongeza kasi". Niiweke? (Busia)

Usiiweke. Nyingi za faili hizo hulazimisha draiva ya vesa, fbdev au ile ya zamani ya intel, ilhali Xorg ya leo kwa kawaida hujichagulia draiva ifaayo, kama ile ya modesetting, bila faili yoyote. Kama umeshaiweka katika `/etc/X11`, ibadilishe jina na uwashe upya.