Usimwite Mzazi Siku ya Deni Tu

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, mwalimu akimpigia mzazi simu, mara nyingi neno la kwanza analolisikia si haloo. Ni "Hela gani tena, mwalimu?" Na mzazi hana kosa, kazoeshwa. Tangu muhula uanze hajasikia lolote kutoka shuleni isipokuwa mchango wa uji, rimu ya karatasi, fagio, au kwamba mwanawe kavunja kioo cha dirisha.

Nafundisha shule ya msingi humu kambini, wilaya ya Isingiro. Kwenye dawati moja utakuta Mkongomani, Mrundi, Msomali na mtoto wa mwenyeji Mnyankole. Wazazi wao wengi tunaelewana kwa Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake. Naandika kwa walimu wenzangu, hasa mlioajiriwa juzi juzi, na kwa wajumbe wa kamati za shule ambao ndio mnaolaumiwa wazazi wasipofika kikaoni.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: habari za kawaida zitangulie habari za pesa. Wahenga walisema wito haukataliwi, hukataliwa aitiwalo. Lakini mzazi aliyechoka kudaiwa huukataa hata huo wito. Barua haisomi, simu haipokei, na siku mtoto anapopandwa na homa darasani kweli kweli, unapiga simu inaita mpaka inakatika.

Habari za kawaida ni zipi? Ni zile ambazo sisi tulio ndani ya geti tunaziona za wazi mno hata hatuzitaji. Kwamba wiki hii P.4, yaani darasa la nne, wanaanza kugawanya kwa tarakimu mbili na watarudi na zoezi la nyumbani. Kwamba Ijumaa ni michezo, mtoto asivae shati lake la pekee la shule. Kwamba mwalimu wa Kiingereza kaenda likizo ya uzazi, na darasa limeshikwa na mwenzake. Mzazi akizijua, akimuuliza mtoto jioni "mmesoma nini leo?" hadanganyiki kwa jibu la "hakuna."

Mimi hutuma ujumbe mfupi wa simu, wa namna hii:

"Wazazi wa P.4, salamu. Kesho Alhamisi watoto watatoka saa 6 mchana, walimu tuna kikao. Uji wa saa 4 upo. Chakula cha mchana hakuna. Mwalimu wa darasa."

Basi. Hauna "kwa heshima na taadhima", wala "uongozi wa shule unapenda kuwafahamisha." Mzazi anausomea njiani akiwa na kuni kichwani, akifika neno la tatu awe keshajua unamhusu nani na lini. Saa iandikwe kama tunavyoitamka, saa 4, saa 6, isiwe kama ilivyo kwenye ratiba ya ofisini. Na ujumbe wa namna hii usichomekewe mchango chini yake. Ukiuchomekea mara moja tu, mzazi atarudi kulekule kwa "hela gani tena," na ujumbe unaofuata hataufungua.

Karatasi inayowapoteza wazazi kuliko zote ni ripoti ya mwisho wa muhula. Waliotoka Kongo ndio hasa. Kule mtoto alipimwa kwa asilimia, 75 ni furaha na 40 ni msiba. Huku Uganda kila somo kati ya yale manne ya mtihani wa P.7, yaani Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, hupewa daraja kuanzia 1 hadi 9, kisha madaraja yote manne yanajumlishwa. Mtoto bora kuliko wote ana 4. Aliyeanguka kila somo ana 36. Divisheni ya kwanza ni kuanzia 4 hadi 12. Shule nyingi hufuata hesabu hiyo hiyo kwenye ripoti za madarasa ya chini yake.

Sasa mpe mzazi aliyesomea Bukavu, Kongo, karatasi yenye jumla ya 9 bila kumwambia kitu. Siku moja ya kufunga shule nilimkuta baba mmoja chini ya mikaratusi ya uwanjani, kakunja uso, binti yake kasimama mbele yake machozi yanamtoka. "Mwalimu, mwaka mzima ninamnunulia madaftari, ananiletea tisa?" Binti huyo alikuwa wa pili darasani. Hatua chache kutoka pale, mama mwingine alikuwa anamnunulia mwanawe mandazi kwa kupata 31. Nilimwita yule baba pembeni, tukazipitia namba moja moja. Alinyamaza, kisha akamfuta mtoto machozi kwa kona ya koti lake. Kwa yule mama wa mandazi sikwenda siku ile. Nilimwacha mtoto amalize mandazi yake, nikamtembelea mama nyumbani wiki iliyofuata.

Tangu hapo siku ya ripoti hubandika manila ukutani nimechora ngazi. Juu kabisa 4, chini kabisa 36, na mstari mwekundu pale 12. Kila mzazi anaweka kidole pale mwanawe alipofika. Hata asiyejua kusoma anaondoka ameelewa. Halafu namweleza mambo mawili ambayo mtoto anayaweza na moja la kufuatilia nyumbani wakati wa likizo, moja tu. Ukimpa matano hatafuatilia hata hilo moja.

Kwenye ripoti hiyo hiyo kuna jambo la ukalimani. Mtoto asiwe mkalimani wa kesi yake mwenyewe! Maoni ya mwalimu tunayaandika kwa Kiingereza, na nyumbani anayejua Kiingereza ni huyo huyo anayesemwa. Mwanafunzi wangu mmoja, mwalimu kaandika kwamba anacheza mno darasani, alimsomea mama yake kwamba mwalimu anamsifu sana kwa michezo. Mama alikuja kunishukuru. Nilicheka peke yangu ofisini, ila tangu siku ile mstari wa maoni nauandika pia kwa Kiswahili, na kwa wazazi wa Kisomali nina mama mmoja kutoka miongoni mwao anayekaa nami siku ya ripoti. Mchague mtu mzima asiye na uadui na jirani zake, umwombe mapema, na umwambie aliyoyasikia mezani asiyapeleke sokoni.

Wazazi wageni wana mambo yao, na hayo yataka kusemwa siku ya kwanza ya kuandikisha mtoto. Mtu amefika Septemba, kule kwao mwaka wa shule ndio kwanza unaanza, huku anakuta tumeingia muhula wa tatu, maana mwaka wetu huanza kati ya mwisho wa Januari na Februari. Mwanawe alikuwa darasa la tano kwa Kifaransa, huku anaambiwa aingie P.3 au P.4 kwa sababu ya Kiingereza. Mzazi anaona ametukanwa. Mwambie palepale: shule ya msingi Uganda ni miaka 7, si 6, mtihani wa P.7 unaandikwa kwa Kiingereza. Mtoto hakushushwa kwa ujinga, na baada ya muhula fulani atapimwa upya. Kisha utaje mwalimu atakayempima. Ahadi isiyo na mwenyewe mzazi anajua haina thamani, ameshapewa nyingi njiani.

Na kiboko pia. Wapo wazazi wanaomleta mtoto na kauli ya "mwalimu, mchape tu, nimekukabidhi." Sheria ya watoto ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza viboko shuleni. Liseme hilo wazi, kisha ueleze shule hufanya nini badala yake, la sivyo mzazi atadhani shule haina adabu.

Tuje kwenye pesa, maana hazikwepeki. Serikali ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, UPE, mwaka 1997, na neno lililobaki midomoni mwa watu ni "bure." Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 yenyewe inamwachia mzazi chakula cha mtoto, mavazi na matibabu. Kati ya "bure" aliyoisikia mzazi na mchango wa uji anaodaiwa kuna pengo, na pengo hilo mzazi hulijaza kwa kusema walimu wanakula. Kuhubiri uzalendo hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuandika kwenye ubao wa getini: mahindi kilo kadhaa yamenunuliwa, kusaga shilingi kadhaa, sukari kadhaa, kimebaki kadhaa. Kila mwezi, kwa chaki, hata kama hakuna aliyeuliza. Wanaosoma watawasomea wasiosoma, na kwa raha zote, maana hesabu za watu ni habari tamu.

Ujumbe wa mchango wenyewe uwe na kiasi, kazi yake, siku ya mwisho, na neno moja kwa asiye nacho: aje kwa nani, saa ngapi. Hilo la mwisho tunalisahau sana, na ndilo linalomfanya mama mwenye watoto wanne amfiche mtoto nyumbani wiki nzima kwa kuona haya. Mwingine ataleta mahindi badala ya shilingi. Yapokee, uyapime mbele yake, uandike.

Njia za kufikishia habari zisiwe moja. Wengi wana katochi, simu ya vitufe, basi ujumbe mfupi ndio unaowafika. Wenye simu kubwa wako WhatsApp, na huko sauti ya dakika moja kwa Kiswahili inasikilizwa kuliko maandishi marefu. Lakini kundi la WhatsApp bila sheria ni soko. La kwetu lilijaa sala za asubuhi, vitenge vinavyouzwa na picha za harusi za watu tusiowajua, mpaka tangazo la chanjo likapotea humo ndani. Tukakubaliana kikaoni kwamba walimu na katibu wa kamati ndio wanaotuma; mwenye swali amwandikie mwalimu pembeni. Alama za mtoto hazitajwi kundini, hata zikiwa nzuri, na mtoto aliyekosa hapigwi picha.

Kwa asiye na simu kabisa kuna kanisa, msikiti, na mwenyekiti wa kijiji. Mchungaji na imamu nawapelekea kikaratasi siku moja kabla, mistari miwili, kwa sababu ukiwaambia kwa mdomo wataongeza chumvi. Vikao navyo usivitangaze kabla ya kuuliza siku ya mgao. Kikao kikigongana na mgao wa chakula au pesa utahutubia viti. Msimu wa kupanda vilevile, mvua zikishika mtu yuko shambani tangu alfajiri, kwa hiyo sisi huita watu alasiri, tena kwa muda mfupi.

Namba za simu hubadilika kama nyasi za kiangazi na masika. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa korona na kuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, nusu ya namba tulizokuwa nazo daftarini hazikuwa zinapatikana tena, na wapo watoto tuliokuja kupata habari zao kwa jirani tu. Kila mwanzo wa muhula zungusha daftari upya: namba ya mzazi, namba ya pili, na namba ya jirani anayeaminika. Muulize pia ni saa ngapi simu yake huwa na chaji. Swali la kuchekesha, lakini lina majibu ya maana.

Mzazi naye awe na saa yake ya kusema. Mimi Jumatano baada ya masomo nakaa darasani, mlango wazi. Wiki nyingine haji mtu, nasahihisha madaftari. Wiki nyingine anakuja mama kuniambia mtoto anachelewa kwa sababu foleni ya maji huanza alfajiri na yeye ndiye mkubwa. Nimekuwa nikimsimamisha mlangoni kila siku, kumbe kashabeba madumu mawili kabla mimi sijaamka. Sasa somo la kwanza huwa namwachia nafasi na mwenzake anamwonyesha alichokikosa.

Kama unafundisha P.7, kuna kazi moja ya kufanya mapema mwakani, kabla ya jambo jingine lolote. Majina ya watahiniwa yanapelekwa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe wa Novemba, na jina litakaloandikwa huko ndilo litakalotoka kwenye matokeo. Watoto wa hapa wana jina la kwenye karatasi ya familia, jina la ubatizo, na jina wanaloitwa darasani, na mara nyingi hayo matatu hayafanani hata herufi. Usimwamini mtoto akuandikie. Mwite mzazi aje na karatasi yake, mketi mezani, mlinganishe herufi kwa herufi, R na L ziangaliwe mara mbili. Asiyejua kusoma aje na ndugu anayejua. Akiridhika atie sahihi au kidole gumba pembeni ya jina, na wewe ubaki na nakala.